Mlango wa Saba

Ngazi haijashushwa, wasomaji wangu, na mtu wetu bado yuko juu yake. Mliolala na wasiwasi wiki nzima mnakumbuka: Binti Brashi ameshika kikwangulio, rangi ya kijani inamdondokea kwenye nywele, na ukutani imechomoza herufi moja tu. Herufi D.

Chini ya ngazi wamesimama watatu. Wa kwanza ni Shangazi yake, mshonaji, ambaye cherehani yake haijanyamaza ndani ya duka lenye ukuta huo kwa miaka thelathini na tisa. Wa pili ni Afisa wa jiji, mama mwenye daftari jeusi na maneno machache. Wa tatu ni mwenye duka la dawa la jirani. Mtaa mzima unamwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe, ingawa hajasomea hata kufunga kidonda.

“Endelea,” akasema Afisa.

Binti Brashi akaendelea. Ikatoka U. Ikatoka K, kisha A. Duka linaweza kuwa la chochote, akajiambia moyoni. Duka la vitambaa, duka la vifungo, duka la nyuzi. Akakwangua taratibu, kama mtu anayefungua barua asiyotaka kuisoma.

LA.

Halafu ikaja D nyingine. Alipomaliza hakuwa na haja ya kuwasomea waliokuwa chini. Maandishi yalikuwa mekundu, makubwa, na yanaonekana mpaka ng’ambo ya barabara: DUKA LA DAWA.

Pembeni, chini ya herufi ya mwisho, palikuwa na picha ndogo ya brashi, ndogo kama kidole cha mtoto. Alama hiyo aliijua tangu hajaota meno. Ilikuwa sahihi ya baba yake, Mzee Brashi, aliyeandika kuta zote za mtaa huu.

Kwa msomaji aliyeazima gazeti la leo kwa jirani, nieleze upesi. Mtaa huu wa katikati ya mji ulifunguliwa siku moja, milango kumi na minne kwa mpigo. Enzi zake hapakuwa na pa kutia mguu: viatu, saa, redio, sinema ya kona na foleni yake ndefu. Kisha kituo cha mabasi kikahamishwa, wateja wakahama nacho, na milango ikafungwa mmoja mmoja mpaka popo wakajipatia sinema nzima. Waliobaki ni Shangazi, akishona sare za shule, na duka la dawa la mlango wa nane.

Sasa jiji limeamua kuufufua. Barabara imepangwa matofali mapya, taa zimesimikwa, na Binti Brashi amepewa kazi ya kukwangua kuta zote ili maandishi ya kwanza yapakwe upya. Mafundi wa zamani walikuwa hawakwangui. Walipaka juu ya rangi iliyopo wakaendelea na safari, kwa hiyo kila ukuta umehifadhi kila kilichowahi kuandikwa juu yake. Majalada ya jiji yaliliwa na mchwa. Shahidi aliyebaki ni ukuta. Anayethibitika kuwa wa kwanza kwenye mlango wake anapata mkataba wa miaka thelathini, na asiyethibitika anafunga virago.

Juzi ukuta wa mlango wa saba ulitoa neno USHONAJI, na Shangazi akacheza palepale barabarani. Ni Daktari aliyesema, kwa upole kabisa, kwamba pengine kuna rangi nyingine chini yake.

“Ukuta umeshasema,” akasema sasa, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. “Nilikuwa nikisema mnaniona mroho. Marehemu baba yangu alikuwa na milango yote miwili, huu na ule wa nane. Huyu mama aliingia baadaye, kwa hisani tu.”

“Shangazi,” Binti Brashi akaita kutoka juu. “Mwambie si kweli.”

Shangazi alikuwa akiitazama ile brashi ndogo. Midomo ilimcheza, kisha akaifunga kwa nguvu.

“Wewe shuka ule,” akasema. “Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni.”

“Mama, una maelezo?” akauliza Afisa.

“Niliingia hapa siku mtaa ulipofunguliwa. Hayo ndiyo maelezo yangu.”

“Na maandishi haya?”

“Hayo sina la kusema.”

Afisa akaandika kitu daftarini, akatazama saa yake. “Sasa ni saa tano. Saa tisa wageni watakuwa wamekaa. Mzee Brashi atasoma maneno ya uzinduzi, kisha nitatangaza wenye milango. Mwenye neno alilete kabla ya hapo. Nikishafunga daftari sifungui tena.”

Daktari akamshikia Shangazi mlango aingie dukani. Alimshikia kwa adabu, kama vile tayari ni mlango wake.

Ndani, Shangazi hakukaa. Alivuta boksi chini ya meza akaanza kupanga humo magurudumu ya uzi, meusi kwa meusi, meupe kwa meupe.

“Unafanya nini?” Binti Brashi akauliza.

“Napunguza vitu.”

“Shangazi, wewe si mtu wa kupunguza vitu. Mwaka jana mwenye lori alipogonga hii nguzo ulimfukuza kwa mkasi mpaka kituo cha polisi. Leo mtu anakunyang’anya duka unapanga nyuzi?”

“Lile lori lilikuwa na makosa.”

“Na huyu hana?”

Shangazi akainama tena kwenye boksi. Binti Brashi akaona mikono ya shangazi yake, ile mikono inayotunga uzi kwenye sindano bila kuangalia, ikikosa kuingiza gurudumu la uzi kwenye boksi pana. Moyo ukamuuma.

“Basi nakwenda kumuuliza Baba. Yeye ndiye aliyepaka.”

“Usimguse baba yako leo.”

Alisema kwa ukali ambao mpwa wake hakuwahi kuusikia. Kisha akalainika, akamshika mkono. “Mwanangu, nakuomba. Kaka yangu atapigiwa makofi leo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Muache avae koti lake kwa raha.”

Maneno hayo yalikusudiwa kumzuia. Yakamfukuza mbio mpaka nyumbani kwa baba yake.

Mzee Brashi alikuwa mbele ya kioo, shati jeupe limenyooshwa, viatu vinang’aa, anapambana na kifungo cha kola. Alifurahi kumwona.

“Umekuja wakati mzuri. Hebu nisomee tena yale maneno ya uzinduzi, nisikie yanavyotua.”

“Nimekusomea mara tisa wiki hii, Baba.”

“Ya kumi haiui mtu.”

“Baba, chini ya rangi ya Shangazi kuna duka la dawa. Na kuna brashi yako.”

Kifungo kikamponyoka mzee vidoleni.

“Umekwangua mpaka wapi?”

“Mpaka kwenye saruji.”

“Nani alikutuma ukwangue mpaka kwenye saruji?”

“Jiji, Baba. Si ndiyo kazi yenyewe. Saa tisa Shangazi anatolewa. Kwa nini uliandika duka la dawa pale?”

“Niliandika nilichopewa.” Sauti ilikuwa imepanda. “Mimi nilikuwa mtu wa kupaka. Karatasi inakuja, napaka. Sikuwa karani. Mambo ya nani yuko wapi waulize waliokuwa na funguo.”

“Waliokuwa na funguo wamekufa.” Akachomoa mfukoni barua ya Afisa, aliyoichukua mezani kwa Shangazi, akamkabidhi. “Soma mwenyewe uone anavyomwandikia dada yako.”

Mzee Brashi akaishika ile barua. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akakunja uso kama mtu anayefikiri sana.

“Miwani hii imechoka,” akasema. “Anasemaje?”

Wasomaji wangu, miwani ilikuwa puani mwake, safi, mpya, waliinunua pamoja mwezi uliopita. Na fundi wa miwani alisema mzee ana macho ya kijana.

Binti Brashi akabaki amesimama. Kitu kikaanza kumjia taratibu, na alitamani kisimjie. Akamwona marehemu mama yake mezani jioni, akinakili maneno ya wateja kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na kwenye kona ya kila karatasi akichora picha. Mkasi kwa mshonaji. Chupa kwa mwuza dawa. Kiatu kwa mshona viatu. Utotoni alidhani mama anamchorea yeye, ili naye apate cha kutazama.

“Baba,” akasema. “Siku unapaka ukuta wa Shangazi, mama alikuwa wapi?”

“Hospitali.”

“Alikuwa anaumwa?”

“Alikuwa anakuzaa wewe.”

Kisha Binti Brashi akaweka kidole juu ya barua.

“Nisomee neno moja tu. Hili la kwanza.”

Mzee akaitazama karatasi. Akamtazama binti yake. Uso wake ulipita hasira, ukapita aibu, ukafika mahali ambapo Binti Brashi hakuwahi kuuona, na akajuta papo hapo kwamba ameuliza.

“Umekosa haya,” akasema mzee kwa sauti ndogo. Akaketi kitandani juu ya koti lake lililonyooshwa. “Sijui. Sijui hilo wala la pili. Herufi nazijua kwa umbo, kama wewe unavyojua sura za watu wa mtaani usiowajua majina. Nikipewa karatasi naichora kubwa. Inavyosema ni kazi ya wengine.”

“Lakini umeandika mtaa mzima.”

“Nimechora mtaa mzima. Mama yako ndiye aliyeniambia ipi iende wapi. Siku ile zilikuja karatasi mbili, hakuna mkasi, hakuna chupa, na mimi kichwa kiko hospitali. Nikasema, mbili kwa mbili, nitabahatisha. Nikabahatisha vibaya. Kesho yake asubuhi, saa chache kabla ya ufunguzi, shangazi yako akaja kufagia akakuta ameandikiwa dawa na mwenzake ameandikiwa ushonaji. Hakunicheka. Alishika brashi ya pili tukapaka kijani wote wawili, tukarudia. Watu tukawaambia rangi ya kwanza haikushika.”

Mnaona sasa kwa nini Shangazi alifunga midomo. Alikuwa na jibu mdomoni, na jibu lenyewe lilikuwa kaka yake.

Binti Brashi hakulia. Akili yake ilikuwa imeshatoka mbio. “Umesema mwenzake aliandikiwa ushonaji. Mlango wa nane. Basi chini ya rangi ya mlango wa nane kuna neno USHONAJI, la siku ileile, na brashi yako. Baba, huhitaji kusema chochote. Nakwangua tu ukuta wa pili, kila mtu ataona karatasi zilibadilishana.”

Mzee akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu binti yake aingie, akapumua.

Binti Brashi akatoka kama mshale. Alipofika mtaani viti vilikuwa vinapangwa, kipaza sauti kinapulizwa, mafundi wanafuta bamba la shaba. Akapitiliza mpaka mlango wa nane, kikwangulio mkononi.

Hapakuwa na ukuta. Kwa papara yake alisahau alichokipita kila siku: kioo kikubwa kutoka chini mpaka juu, kipya, na ndani ya kioo Daktari amekaa kaunta anamtazama.

“Mwezi uliopita,” sauti ya Shangazi ikasema nyuma yake. “Alibomoa ule wa zamani ili apate mwanga. Kifusi kilibebwa siku ileile.”

Binti Brashi akaweka kikwangulio chini. Akakaa kwenye ukingo wa barabara mpya, na Shangazi akaketi kando yake, gauni lake zuri juu ya matofali.

“Ameniambia,” Binti Brashi akasema.

“Nimeona usoni mwako.”

“Nikimwambia Afisa, unabaki na duka.”

“Na baba yako anabaki na nini? Sikiliza. Watu wazima wenye wajukuu watamnyooshea kidole sokoni. Yule mwandishi asiyejua kuandika. Atachekwa mpaka siku ya kaburi. Mimi naweza kushonea barazani kwangu. Yeye hana pa kuhamishia uso.”

“Una miaka sitini na minane, Shangazi. Baraza yako inavuja.”

“Nitashona masika nikiwa na mwavuli,” akasema Shangazi, akajaribu kucheka. Kicheko kikakwama njiani. “Nililipenda hili duka. Usidhani silipendi.”

Saa tisa kamili Afisa alisimama mbele ya kipaza sauti. Viti vilijaa, wengine wamesimama mpaka kwenye ngazi za sinema. Binti Brashi aliamriwa apande tena pale kwenye ngazi yake, mlango wa saba, ili aonyeshe maandishi kwa kidole yatakapotajwa. Hakuna adhabu iliyoizidi hiyo kwa ukatili, na aliyeitoa hakujua kama ni adhabu.

“Kabla sijatangaza,” akasema Afisa, “nauliza kwa mara ya mwisho. Kuhusu mlango wa saba, kuna mwenye maelezo?”

Binti Brashi akafumbua mdomo. Macho yake yakakutana na ya Shangazi, aliyekuwa kiti cha mbele, na Shangazi akatikisa kichwa mara moja tu. Mdomo ukafungwa. Alijiona mwoga, akajiona mtoto mwema, na hakujua ni kipi kinachouma zaidi.

“Hakuna,” akasema Afisa. “Basi tumkaribishe mzee wetu, aliyeandika kila ukuta mnaouona, atusomee maneno ya uzinduzi.”

Makofi yalikuwa ya kutosha kuezua paa. Mzee Brashi akapanda jukwaani na koti lake lenye mkunjo mmoja mgongoni. Daktari alipiga makofi kuliko wote. Kama kuna siku mtu alivishwa kilemba cha ukoka hadharani, ndiyo hiyo.

Afisa akamkabidhi karatasi. Mzee akavaa miwani, akakohoa, akaanza. Sauti ilikuwa nzito na nzuri. Binti Brashi alijua kila neno kabla halijatoka, maana ndiye aliyemsomea mara tisa. Baba yake alikuwa ameyahifadhi yote, na macho yake yalikuwa yakipanda na kushuka kwenye karatasi kama ya msomaji hodari.

Lakini Afisa alikuwa ameanza kukunja uso. Akatazama nakala yake. Akamtazama mzee. Binti Brashi akaelewa: Afisa alikuwa amebadilisha maneno bila kuwaambia. Baba yake alikuwa anasoma kwa ufasaha mkubwa hotuba ambayo haikuwa kwenye karatasi.

“Na tangu leo,” mzee akaendelea, “kila mlango unarudi kwa...”

Akanyamaza.

Neno lililobaki lilikuwa moja, “mwenyewe”. Alilijua. Lakini mbele yake, kiti cha kwanza, alikuwa amekaa dada yake, mikono mapajani, boksi la nyuzi miguuni limeshafungwa kamba. Mzee Brashi alilitazama lile boksi kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

Akavua miwani. Akaikunja karatasi.

“Sijui kilichoandikwa hapa,” akasema kwenye kipaza sauti.

Wachache wakacheka, wakidhani ni utani wa wazee.

“Sisemi utani. Sijui kusoma. Sikuwahi kujua. Huu mtaa nimeuchora, sikuuandika. Na ule ukuta wa saba niliukosea mimi, siku binti yangu anazaliwa. Nilipewa karatasi mbili, ya dada yangu na ya mwuza dawa, nikazibadilisha milango. Dada yangu amenificha miaka thelathini na tisa, na leo alikuwa tayari kutolewa dukani ili asinivue nguo. Nimemaliza.”

Hakuna aliyecheka tena. Shangazi alijifunika uso na kanga yake, mabega yakimtikisika.

Daktari akasimama. “Kwa heshima zote,” akasema, “huu ni mchezo wa kuigiza. Mtu kuthibitisha kuwa hajui kusoma ni rahisi kuliko kula. Hata mimi naweza kusema sijui. Na Afisa ana maandishi ya mzee huyuhuyu.”

Afisa akafungua daftari, akatoa karatasi moja. “Ni kweli. Nililetewa miezi mitatu iliyopita. Inasema mlango wa saba na wa nane yote ilikuwa ya mwuza dawa tangu mwanzo. Chini yake kuna alama hii ya brashi nyekundu. Ni yako, mzee?”

Mzee akaitazama. “Alama ni yangu. Maneno siyo niliyosomewa.”

“Ulisomewa?”

“Daktari alinisomea mwenyewe, barazani kwangu. Alisema ni orodha ya mafundi wa zamani, tuwekwe kwenye bamba. Nikaweka brashi yangu. Nilifurahi, tena nikamkaribisha chai.”

Afisa akaiweka karatasi juu ya daftari. Kisha akamgeukia Daktari, na sauti yake ilikuwa ya chini hata waliosimama nyuma wakasogea.

“Nieleze jambo moja tu. Huyu ni mtu aliyeandika mtaa mzima. Wewe mwenyewe umesema ni uongo kwamba hajui kusoma. Sasa kwa nini ulimsomea?”

Daktari akajipangusa shingo. Mtego alioutega mwenyewe ulikuwa umemshika mguu, na alijua.

Juu ya ngazi Binti Brashi alihisi furaha ikimpanda mpaka kooni. Duka limerudi. Baba amejivua aibu akabaki mtu mzima kuliko wote waliokuwa pale. Alitaka kushuka mbio akamkumbatie.

“Niliambiwa hajui,” akasema Daktari.

“Na nani?”

Daktari akainua mkono. Kidole kilipita juu ya viti, kikampita Shangazi, kikampita mzee, kikapanda ngazi hatua kwa hatua mpaka juu.

“Muulizeni yule. Binti yake wa kumzaa. Alisimama kaunta kwangu akaniambia nisimpe baba yake karatasi, nimsomee tu. Na muulizeni ni nani aliyempendekeza jijini apewe kazi ya kuta hizi, wiki hiyohiyo.”

Binti Brashi akaishika ngazi kwa mikono miwili. Maana ilikuwa kweli.

Alikwenda kununua dawa ya kikohozi ya baba yake. Daktari akauliza atampataje mzee amweleze mambo ya zamani. Na yeye, akicheka, akijisifia kupendwa kama watoto wanavyojisifia, alisema: baba yangu ukimpa karatasi utaipoteza bure, msomee tu, mimi ndiye macho yake. Aliongea kwa mapenzi. Alidhani mzee anapenda tu kusomewa; hakujua anachokisema. Kisha Daktari akamwambia jiji linatafuta mchora vibao, nitakutaja.

“Je, ni kweli?” akauliza Afisa.

“Nilisema hivyo,” akajibu kutoka juu. “Lakini sikujua.”

Hata yeye mwenyewe alisikia lilivyokuwa jibu la hovyo. Afisa akafunga kalamu yake.

“Kama aliyekuweka kwenye kazi hii ni mwenye kesi,” akasema, “basi siwezi kuuamini mkono wako. Si kwa ukuta huu tu. Kuta zote ulizokwangua hazina ushahidi tena mpaka nijue ulikuwa upande wa nani. Leo sitangazi mlango hata mmoja.”

Viti vikaanguka. Mshona viatu, mwuza redio, mama wa sinema, wote walisimama kwa pamoja, na wote walikuwa wanaitazama ngazi. Binti Brashi hakuwaona. Alikuwa anatafuta uso mmoja tu.

Baba yake alikuwa bado jukwaani, miwani mkononi.

“Mchana uliniuliza kama mtu asiyejua kitu,” akasema, bila kupandisha sauti. “Ukaniwekea kidole kwenye barua. Nisomee neno moja, ukasema.”

“Baba, sikujua. Naapa sikujua.”

Mzee Brashi akateremka jukwaani, akaenda mpaka kiti cha mbele, akampa mgongo binti yake.

“Dada,” akamwambia Shangazi, “nishike mkono unipeleke nyumbani. Sina tena mtu wa kunisomea.”